Safu ya Utamu

Jumatatu, 7 Oktoba 2002

Daftari hili Émérance hatalisoma. Amelileta mwenyewe kutoka Beni, amelipigia mstari katikati — kushoto "njaa", kulia "utamu" — na anataka kila tonge ninalomeza liandikwe upande wake. Baada ya wiki mbili atakuja kukagua. Akague wagonjwa wake huko zahanati! Mimi ni dada yake mkubwa, yaya wake.

Amenipima kwenye mizani ya kahawa, pale depo, mbele ya wapakiaji. Kilo mia moja na kumi na mbili. Wakapiga makofi. Nikawapungia mkono.

Halafu akatoa chupa. Melatonini, vidonge vya usingizi, binamu yetu wa Kanada kavituma. Eti mwanamke mnene akilala vizuri, hamu ya kula ovyo inapungua. "Yaya, vita ikikuya huku, utakimbia na magulu gani?" Mwaka jana risasi zilipolia niliachwa nyuma, miguu mizito, magoti yamegoma. Nimekubali kumeza. Lakini kuandika, nitaandika ninachotaka.

Jumatano, 9

Nimelala kama gogo. Na nimeota nguruwe wa kuchoma, mafuta yakichuruzika hadi kiwikoni! Hiyo niiandike safu gani?

Ijumaa, 11

Leo nimehesabu matonge ya hapa resto, mkahawani kwangu. Arobaini na moja! Kila sahani ninayompa mteja naonja kwanza mbele yake, tonge moja na mchuzi kidogo, aone hakuna karuho. Tangu vita vianze watu wanaogopa sumu hiyo kuliko bunduki. Mama alionja hivyo, na mama yake pia. Lakini arobaini na moja, na yote "utamu", hata moja si "njaa". Wahenga walisema adui mwombee njaa. Mdogo wangu ananiombea nikose hata hamu.

Basi. Kuanzia kesho sionji. Wananijua, wanakula kwangu mwaka wa tisa huu.

Jumatatu, 14

Sketi imelegea — au mimi ndiye ninayetaka ilegee. Sombe, kisamvu changu, ilizidi chumvi, nimeambiwa.

Komanda Hippolyte, mkuu wa askari wa hapa, yule mtu wa Bandundu anayekula kwangu saa sita kila siku ya kazi, ameshika kijiko, ameniangalia, amekiweka chini. "Mama, leo hauonje?" Nikajibu bila kufikiri: nimekatazwa. Mjinga mimi! Resto nzima ikageuka. Nani anakatazwa kula chakula alichopika mwenyewe? Nikaeleza dawa, nikaeleza unene, nikaeleza mdogo wangu muuguzi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyosukuma sahani mbali.

Jumatano, 16

Wateja wawili. Wote walevi.

Siméon, dereva wa lori, alikula maharage yangu Jumamosi, Jumapili akatapika njia nzima hadi Alimbongo. Kwamba alikunywa pombe ya ndizi jerikani nzima, hakuna anayesema. Sasa mtaa wote unajua: mama Kavuo ana karuho. Wengine wanavuka barabara wakiniona.

Askari ameleta neno la komanda. Kesho saa sita, vyungu vyote uani, watu wote wakitazama, nile mimi kwanza. Nikikataa, resto inafungwa na mimi nafungwa.

Émérance amekuja mbio kwa pikipiki, analia. Anataka tutorokee Beni leo leo. Ama nilambe kidogo tu, kwa heshima ya watu. "Yaya, mi hapana taka bakuuwe juu ya kaye yangu." Kaye, ndilo daftari hili. Nikikimbia nimekiri, nimemwambia. Halafu nitakimbia na magulu gani? Akacheka katikati ya machozi.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Mama aliniachia jiko hili na jina lake, na vyote viwili vinaweza kuisha kesho.

Alhamisi, 17

Jana sikumeza kidonge. Nimepika tangu alfajiri, vyungu sita: sombe kwa mawese, maharage, samaki wa chumvi, mbuzi, viazi vya Lubero, nguruwe. Na sijaonja hata kimoja! Makusudi. Tonge la kwanza walione wao.

Uani wamejaa, hata wapakiaji wa depo. Siméon yupo, mzima kabisa, anakwepa macho yangu. Komanda amenitumia kijiko cha chai, eti kinatosha. Nimekirudisha.

"Yaya, kidogo tu," Émérance ananong'ona hapa mlangoni. Hapana! Kidogo ni cha mwenye hofu. Nikionja kwa ncha ya ulimi watasema naijua sumu yangu. Nitakula kama ninavyokula, kwa mkono, mafuta hadi kiwikoni, na wanione nikifurahi. Aje na bakuli kubwa, lile la kukandia unga wa mandazi.

Tumbo linanguruma, tangu jana sijala kitu. Lakini naandika kabla sijainuka, upande wa kulia, wa utamu, vyungu vyote sita.

Komanda ananiita mara ya pili. Angoje. Pilipili iko wapi?