Majina ya Watakaobaki

Jumatano, baada ya Isha

Sasa naogopa hata kufanya kazi haraka.

Kabla ya mashine, sisi wanawake wanane wa Mlingotini tulitwanga mwani mkavu kwa vinu, na magunia mawili yalituchukua mpaka alasiri. Leo tumesaga magunia sita, na adhuhuri ilipoadhiniwa hatukuwa na la kufanya. Wenzangu walijinyoosha mkekani wakicheka. Mimi sikucheka. Mashine naiendesha mimi.

Msimamizi wetu, Bwana Shomari, aliniita pembeni.

"Kazi nzuri, Mwajuma. Lakini wanunuzi ni walewale, hawajaongezeka. Watu wanne wanatosha. Ijumaa niletee majina ya watakaobaki."

"Si tupunguze saa, tubaki wote?"

"Nusu siku kwa nusu mshahara? Kawaulize." Kisha akasema, kama anayenipa habari njema, kwamba baada ya Idi inakuja mashine kubwa zaidi.

Sikuwauliza. Niliporudi nilimkuta Bi Saumu, aliyenifundisha kazi hii kabla sijaolewa, anafagia vumbi chini ya mashine. Siku hizi mikono inamtetemeka.

"Mwanangu, na kesho tutamaliza mapema hivi?"

"Inshallah, Bi Saumu."

Akafurahi. Alisema miaka yote hiyo hakuwahi kupata usingizi wa mchana.

Ningemwambia palepale. Nilishindwa, nikasingizia kwamba naenda kuswali.

Ijumaa bado, lakini majina manne nimeshayaandika. La Bi Saumu halimo.

La kwanza ni langu.