Mke wa Kwenye Filamu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya kupiga picha, kichwa tayari kinaniuma. Mume wangu anatengeneza filamu kuhusu mtu anayetengeneza filamu — mwongozaji mwenye mke mhariri. Yeye ni mwongozaji. Mimi ni mhariri wake. Lakini eti si sisi!

Mwigizaji anayecheza mwongozaji akapaza sauti, "Kata!", kama alivyoandikiwa, na mpiga picha wetu akazima kamera. Mazoea! Wakaanza upya, akazima tena. Hivyo hivyo mpaka chakula cha mchana. Lawama zote nikatupiwa mimi, kwa nini sikumkumbusha.

Jumanne, 4 Machi

Juzi, jikoni, nilimwambia mume wangu kwa uchungu kwamba nikiugua nitampata daktari kabla sijampata yeye. Leo mwigizaji anayecheza mke kayasema hayo hayo mbele ya watu wote. Neno kwa neno! Nikamvuta mume wangu pembeni, nikamwuliza kama hana haya. Akasema ni sanaa, nisiwe mwepesi wa hasira. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kaja chumba cha uhariri kutazama vipande vya wiki hii. Kalia — si kidogo, kaloanisha leso. Akasema yule dada wa kwenye filamu anavumilia mengi na mumewe hamjali hata chembe. Nikafikiri, leo kumekucha.

Kisha akanigeukia. Mwanawe amekonda, nimpikie kitu kizuri.

Jumapili, 9 Machi

Basi, imetosha. Nimefunga mkoba, nimeita teksi, nakwenda kwa dada yangu. Nikamwambia mume wangu sebuleni, bila kelele, "Tangu uanze kuandika hii filamu hujaniuliza nimelalaje. Naondoka."

Machozi yakamlengalenga. Moyo wangu, mjinga kweli, ukaanza kulegea.

Akasema, "Mke wangu, kesho unaweza kuyarudia hivyo hivyo, mbele ya kamera? Yule dada hayawezi."

Nusura nimrushie kiatu. Kibaya zaidi — mdomo wangu wenyewe ukauliza mwanga utatoka upande gani!

Sasa anahamisha viti. Anataka nisimame dirishani. Teksi inapiga honi, nami naandika haya, mkoba magotini. Dirishani? Hapana. Haya maneno yanasemwa mlangoni, tena mtu akiwa ameshavaa viatu, na mkoba mkononi. Ngoja nikamwonyeshe.