Tambuu Mpe, Njia Asipewe

Hounslow, London

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti vipi, yale mafuta ya kuchulia niliyokutumia yamesaidia? Mimi mzima, ila nimechoka, Mama, uchovu hata nikilala hauondoki. Nakuandikia kwa sababu simu yako Kaka Haji huiweka spika, na haya nataka uyasikie wewe kwanza. Mjukuu wako Zuhura akusomee chumbani.

Nimesikia yule mwekezaji anaomba njia ya gari ipite uani kwetu mpaka pwani. Kaka anasema, "Njia tu, nyumba haiguswi."

Bibi ninayemlea hapa ni Mkhasi, wa milima ya kaskazini mashariki ya India. Anapenda tambuu kama wewe, na meno hana kama wewe, basi humtwangia kila asubuhi. Juzi nilipomweleza habari ya hiyo njia, aliacha kutafuna.

"Hata kwetu Waingereza waliomba njia tu," akasema. "Wazee wetu wakawapa tambuu, wakakaa kikao, wakakubali. Njia ilipoanza kuchimbwa wakasikia na kodi inakuja, na askari wanaongezeka. Wazee wakashika pinde, wakapigana miaka, milimani humo. Chifu wao akafia kifungoni, mbali na kwao."

Nikamuuliza nani anaishi kwao sasa. Kumbe kwao nyumba huachiwa binti wa mwisho. Ndiye mwenye kuitunza, kuwalea wazee na kuwazika.

"Binti wa mwisho ni mimi," akasema. "Nilimfuata mume huku. Nyumba ina kufuli." Akalia, na mimi nikalia, bakuli la uji mkononi.

Mama, kitindamimba wako ni mimi. Nawaogesha wazee wa watu huku, na wewe unaamuliwa mambo ya nyumba yako mwenyewe. Inaniuma sana. Kazini nimeshaaga, na bibi nimemwambia. Kanishika mkono. Nitafika kabla ya Ramadhani, inshallah.

Huyo mgeni akija mkaribishe, tambuu mpe, kahawa mpe. Njia asipewe mpaka nifike.

Nisalimie shangazi mkunga, na mjomba muadhini. Kaka Haji naye msalimie kwa wema, tusigombane. Mwambie tu ayatoe magunia yake ya mwani chumbani kwangu.

Wako wa mwisho kuzaliwa,
Mwanaidi