Jemadari Hakupata Amri

Nyumba ya Tatu,
Nyuma ya Stoo ya Mbao.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu zangu zikukute umepumzika, maana najua wiki nzima unashinda kwenye vyumba vya barafu vya kile kiwanda cha samaki. Kifua kimepoa? Wifi na watoto wazima? Mimi ni mzima wa mwili. Baba anakula vizuri, ila akili yake inazidi kwenda. Juzi aliniita kwa jina la marehemu mama, nikaitika. Nimechoka kumsahihisha.

Barua yako niliipata. Ulimuulizia Jemadari kabla ya kuniulizia mimi, wala sikulaumu. Wewe ndiye uliyemleta ndani ya kikapu akiwa mtoto wa mbwa, baada ya wale wezi kumvunja Baba mkono. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Jemadari hatunaye tena, Kaka.

Usidhani nilimtelekeza. Maagizo yako yote niliyafuata: matembezi asubuhi na jioni, brashi ya manyoya kila Jumamosi, mapupu ya kuchemsha kutoka kwa muuza nyama, chanjo kwa wakati wake. Kilo hamsini na nane, na bado alijiona mtoto wa kupakatwa. Baba alizoea kusema humu ndani sote tunakula kwa zamu, ila Jemadari yumo kwenye zamu zote.

Lakini unakumbuka aliyekuuzia alivyotuambia, kwamba mbwa wa aina hii huchagua bwana mmoja. Wengine mtamlisha, atawapenda, atawalinda, ila amri ni ya bwana wake. Alimchagua Baba. Mimi nikisema "kaa", alinitazama kwanza, kama karani anayesubiri sahihi ya mkubwa. Baba akinong'ona tu, alikuwa ameshakaa.

Baba alipoanza kupotea, Jemadari alijua kabla ya daktari. Aliacha kulala getini, akahamia mlangoni pa chumba cha Baba. Baba akitaka kutoka pekupeku, yeye anajilaza mbele ya geti na hang'oki. Mara ngapi nilimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, nilikuwa naanika nguo, Jemadari yuko uani anakula. Baba akafungua geti, akafika katikati ya barabara na malori ya mbao yanapita. Jirani yetu fundi cherehani akamwona, akakimbia, akamshika mkono amvute pembeni. Baba hakumtambua. Akapiga kelele kwamba ameshikwa na mwizi.

Jemadari alinipita hata sikumwona vizuri. Akamdaka fundi mkono wa kulia.

Nikamwambia, "Acha, Jemadari, acha." Akageuza macho, si kwangu, kwa Baba. Meno yameshika, macho yanamwomba Baba neno.

"Baba, mwambie aache."

Baba akaniuliza, "Kwani huyu mbwa wa nani?"

Nilimmwagia usoni ndoo nzima ya maji ya kusuuzia ndipo akaachia.

Vidole viwili vya fundi havikunjiki tena. Nilipokwenda kumwona hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema, "Mbwa wako alifanya kazi yake, dada. Na mimi nilimwona mzee anakufa, ningefanyaje? Sasa niambie, nishone na nini?"

Daktari wa mifugo alimpima. Akasema hana kichaa wala ubaya wowote, ila bwana wake hawezi tena kumwamuru, na kwa umri wa miaka minane hatachagua mwingine. Nilizunguka siku tisa nikitafuta wa kumchukua. Mlinzi wa stoo alikataa, mfuga kuku alikataa. Ijumaa nilimshika kichwa mwenyewe. Sindano ilipoingia alikuwa anatazama mlango.

Nilijiandaa kwa maswali ya Baba. Wiki tatu sasa, hajauliza. Geti nimelitia kufuli, naye anashinda akilitikisa kwa mikono miwili.

Umeandika kwamba ukipata likizo utatuletea mtoto mwingine wa mbwa. Usilete, Kaka. Humu ndani atamchagua nani? Njoo wewe, ikiwezekana, ingawa najua kazi yenu haina ruhusa za kuombaomba. Sikudanganyi kwamba Baba atakutambua. Mimi nitakutambua.

Nisalimie sana wifi, na yule mpwa wangu kifungua mimba anayejifanya mwanasheria. Shangazi anakusalimu, goti bado linamsumbua. Mungu akufunike huko kwenye baridi, na mkate wako usikupungukie.

Mdogo wako akupendaye,
Wa Mwisho