Tisa Iliyojaa

Wangui, wajina wangu,

Huku Karatina tuko wazima. Baridi ni ya kuvaa sweta mbili, na mjomba wako bado anabishana na redio. Uliniuliza kama uombe tena digrii ya pili ya takwimu, kwa kuwa chuo kilikujibu kwamba nafasi zimejaa. Mjomba anasema uachane nayo, ati digrii moja inamtosha msichana. Mwache abishane na redio yake.

Nilipokuwa mdogo, karani wa sensa alikuja kwetu akamuuliza baba ana watoto wangapi. Baba akasema, "Tisa iliyojaa." Wazee wetu waliogopa kutaja watoto kumi, waliona ni mkosi, kwa hivyo kumi wakaiita tisa iliyojaa. Karani hakuwa wa huku. Akaandika tisa, akapanda baiskeli yake.

Mimi ndiye niliyekuwa kitindamimba. Nilimkimbilia mpaka barabarani, nikashika baiskeli kwa nyuma. "Niko hapa! Mimi ni wa kumi! Andika!" Baba akafoka, "Ati unataka kutuua?" Sikuachilia mpaka karani alipofuta ile tisa. Baba alininunia jioni nzima, lakini hakuna aliyekufa.

Kwa hivyo omba tena, na iwe wiki hii. Wakikuambia darasa limejaa, waambie umetoka kwa watu ambao tisa yao ikijaa, inakuwa kumi.

Ni mimi cucu, nyanya yako,
wa kumi.