Kibodi ya Shangazi Denka

KITUO CHA POLISI, PODUYANE, SOFIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Asparuh Minchev Gadzhev
Umri: miaka 64
Kazi: fundi wa kompyuta
Makazi: Poduyane, jengo lilelile lilipotokea tukio, sakafu ya chini
Tarehe: 12 Juni 2024
Mwandikaji: Inspekta Kamelia Doncheva

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimeelewa. Shule niliishia darasa la nane, la tisa nililiona kupitia dirishani. Lakini nimeendesha lori mpaka Teherani na kurudi, nimeunganisha kibodi kiwandani enzi nchi hii ilipokuwa inaziuza mpaka Moscow, na hapa Poduyane hakuna kompyuta yenye ugonjwa ambayo haijalala mezani kwangu. Inspekta ameniambia kwenye swali la kazi nijibu neno moja. Fundi.

Duka langu liko chini ya ardhi na dirisha lake liko sawa na njia ya watembea kwa miguu. Mteja anachuchumaa ndipo tunaonana. Kwa hiyo watu nawajua kwa viatu kwanza, sura baadaye. Naomba hilo liandikwe, kwa sababu wakili wa Lyudmil, yule kijana nitakayemtaja, atakuja kuuliza nilimwonaje.

Juu yangu anakaa Bi Denka Stoeva Parvanova, miaka 79. Jengo zima linamwita Shangazi Denka, hata waliomzidi umri. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama mpaka alipostaafu. Kisukari kilimla macho kidogo kidogo, na sasa anachojua ni kama dirisha liko wazi au pazia limefungwa. Mwaka juzi walimtoa uvimbe kooni, sauti ikaenda na uvimbe. Akishika kalamu mistari inapandana, haisomeki. Lakini vidole vyake vikikaa kwenye kibodi, afande, ni mvua ya mawe kwenye bati.

Kibodi hiyo nilimtengenezea mimi. Ni ya zamani, ya kiwandani kwetu, ina bamba la chuma chini. Nilitia tone la gundi kwenye vitufe viwili vya katikati ili vidole vijue pa kuanzia. Nikaiunganisha na kompyuta inayosoma kwa sauti kila anachoandika. Sauti yenyewe ni ya mwanamke anayetangaza treni stesheni. Kwa sauti hiyo Shangazi anaagiza mkate, anagombana na mwenyekiti wa jengo kuhusu ngazi chafu, na ananisimanga. Wiki iliyopita dirisha lake lilisema, njia nzima ikisikia, “Asparuh, supu yako ya maharage inanukia mpaka huku. Usijifanye huna jirani.” Nikampelekea bakuli. Akaniambia haina chumvi.

Sasa lazima nieleze jambo la kibodi, na Inspekta naomba asigune. Kwetu herufi si za Kilatini, na kwenye kibodi zimepangwa kwa namna mbili. Kuna mpangilio wa zamani, wa taipureta, waliofundishwa wapiga chapa wote. Na kuna wa vijana, ambao herufi zetu zimewekwa juu ya zile za Kilatini zenye sauti kama zao. Kitufe ni kilekile, kidole ni kilekile, ila ukibadilisha mpangilio kinatoka kitu kingine kabisa. Na pembeni mwa skrini alama ya lugha haibadiliki, kwa hiyo ukitazama tu hujui. Shangazi anajua wa zamani peke yake. Ndiyo maana kwenye kompyuta yake nilifuta ule mwingine, ili hata akibonyeza vibaya asipotee. Kuurudisha, mtu lazima akae kwenye kiti, ashike kipanya, aingie kwenye mipangilio, aongeze mmoja na kuondoa mwingine. Paka hawezi. Upepo hauwezi.

Lyudmil Parvanov ni mtoto wa marehemu kaka yake. Alikuja mwezi wa tatu kutoka Hispania, akasema amemhurumia shangazi yake na atakaa naye. Viatu vyake ni vya njano, vimechongoka mbele. Jengo zima linajua alichokuja kukihurumia, ni nyumba ya Shangazi. Anataka mahakama imtangaze shangazi yake kuwa hana akili, yeye awe msimamizi, na bibi apelekwe nyumba ya wazee.

Mwezi uliopita viatu vile vilisimama dirishani kwangu, mwenyewe akachuchumaa. Aliniambia kibodi ya shangazi yake haimwandikii yeye anachotaka, niiweke ya kawaida. Nilicheka. Nikamweleza mipangilio yote miwili kama ninavyoieleza hapa, nikamwambia, “Ukiubadilisha huo, umemkata ulimi mara ya pili.” Naye akacheka. Kwa hiyo alijua. Naomba hapo papigwe mstari.

Mnamo tarehe 11 Juni, siku ya Jumanne, majira ya saa nne asubuhi, viatu vya njano vilipita dirishani na vya kike vyeupe, visivyo na kisigino. Nikajua ni daktari. Joto lilikuwa kali, madirisha yote wazi. Nilimsikia daktari akiuliza leo ni siku gani. Nikasikia vidole, halafu ile sauti ya stesheni ikatoa maneno ambayo si lugha ya mtu yeyote, kama mlevi anayekula karanga. Daktari akauliza mji huu unaitwaje. Vile vile. Akauliza huyu aliyekaa karibu yako ni nani. Vidole vikaenda polepole sasa, kimoja kimoja, na sauti ikabwabwaja polepole. Kisha nikasikia ngumi mbili zikishuka juu ya vitufe. Lyudmil akasema, “Ndivyo anavyokuwa, daktari. Na hapo leo ana nafuu.” Daktari akasema inatosha.

Nilidhani kompyuta imeharibika. Nilichukua bisibisi nikapanda. Lyudmil alinifungulia kwa upana wa uso wake tu. Akaniambia shangazi amelala, na kwamba akili imemtoka, daktari amejionea. Nikamwambia mtu aliyelala hapigi ngumi. Nikamwambia aniachie niione mashine. Akanijibu, “Mjomba, rudi shimoni kwako,” akafunga.

Bomba la kupasha nyumba joto linapita chumbani kwa Shangazi na kushuka mpaka dukani kwangu. Umeme ukikatika, kompyuta ikizima, hunigongea bomba kwa kijiko, nami napanda. Siku ile aligonga mchana kutwa. Umeme ulikuwapo. Nilimjibu kwa nyundo ili ajue nasikia. Nilipanda tena mara mbili, sikufunguliwa. Nimelala na wezi kwenye mipaka ya nchi saba, sijawahi kushindwa kuvumilia sauti, lakini kile kijiko kilinitoa jasho.

Mnamo tarehe 12 Juni, yaani leo, saa tatu kasorobo asubuhi, magurudumu ya gari yalisimama mbele ya dirisha langu yakaziba mwanga. Zikashuka jozi mbili za viatu vya mpira. Wakaingia jengoni. Kisha nikaona viatu vya njano vikitoka na sanduku, sanduku la kijani la Shangazi, lile alilokwenda nalo hospitali. Sikufunga hata duka.

Mlango ulikuwa wazi. Shangazi Denka alikuwa amekaa mezani, amevaa gauni lake la buluu, kibodi mbele yake. Watumishi wawili wa nyumba ya wazee, mwanamume na mwanamke, walisimama nyuma ya kiti. Niliwaambia yule bibi ana akili kuliko sisi wote mle ndani tukijumlishwa. Lyudmil akarudi kutoka garini, akanisikia, akasema kwa upole wa mtu anayewaonyesha wengine upole wake, “Haya mjomba, ongea naye mwenyewe.”

Nilimwambia, Shangazi, ni mimi. Akapiga. Mashine ikabwabwaja. Akainua mikono, akaishusha tena, akapapasa yale matone mawili ya gundi kuhakikisha vidole viko mahali pake. Vilikuwa mahali pake. Akapiga tena. Mashine ikabwabwaja tena. Yule mtumishi mwanamume akacheka, si kwa ubaya, ni vile mtu anavyocheka kasuku. Shangazi alimsikia. Sijawahi kumwona akilia, hata walipomtoa koo. Maji yalidondoka kwenye vitufe, na mimi, ndivyo nilivyo, wazo la kwanza lilikuwa kibodi itaingia kutu.

Hapo nikaacha kusikiliza mashine. Nikatazama vidole. Kibodi kama ile nimeunganisha kwa maelfu, najua kila herufi ya mpangilio wa zamani inakaa chini ya kidole gani. Akapiga mara ya tatu, nami nikasoma mikononi mwake kama mtu anavyosoma midomo. Alikuwa anaandika: “Asparuh usiwaache wanichukue.” Hakuna herufi hata moja iliyokuwa nje ya mahali pake.

Samahani. Nimekunywa maji, tunaendelea.

Nilishika kipanya nikaingia kwenye mipangilio. Ule wa zamani haukuwapo. Ulikuwapo wa vijana, peke yake. Nikawaonyesha wale watumishi, nikawaeleza, mwanamke akaelewa haraka, naona mama yake naye alikuwa mpiga chapa. Nikauliza nani ameubadilisha. Lyudmil akanipokonya kipanya, akachomoa waya wake, akasema, “Nimeiweka ya kawaida tu. Kila mtu anatumia hiyo.”

Hayo ndiyo maneno yake, kama yalivyo, mbele ya mashahidi watatu ukiacha mimi. Kila mtu anatumia hiyo. Afande, nimesikia matusi ya madereva wa Kituruki na ya wake wa madereva wa Kituruki, sijasikia tusi kama hilo. Mwanamke amepoteza macho, amepoteza sauti, amebakiwa na vidole kumi na mpangilio mmoja wa herufi, nao wamemnyang'anya, halafu wakamuuliza leo ni siku gani, halafu wakaandika kwamba hajui. Aliyefanya hivyo ni mtoto aliyenunuliwa viatu vya shule na huyo huyo. Usiku wa kuamkia siku ya daktari alikaa kwenye kiti chake, akashika kipanya changu, akabonyeza mara tatu nne, akaenda kulala. Angemfunga kitambaa mdomoni watu wangeona kitambaa.

Shangazi Denka aliyasikia maneno yale. Alikuwa hajui nini kimempata tangu jana, ndiyo ametambua hapo. Alisimama. Aligeuza uso kwenye ile sauti, akainyanyua kibodi kwa mikono miwili na bamba lake la chuma, akampiga Lyudmil kichwani. Hana macho na alilenga. Mimi nilikuwa nimekunja ngumi tayari, bibi wa miaka sabini na tisa akaniwahi. Hilo ndilo jambo pekee ninaloliona aibu katika siku ya leo.

Inspekta ameniuliza alimpiga mara ngapi. Mara moja. Inspekta anasema Lyudmil amevimba sikio na paji la uso pia. Sikio ni kibodi. Paji la uso aligonga mlango mwenyewe akikimbia. Naomba iandikwe mara moja.

Lyudmil ndiye aliyepiga simu polisi, akasema mwendawazimu amemshambulia. Mlikuja, mkatuchukua sote, na kibodi mkaitia kwenye mfuko wa vielelezo. Kitufe kimoja kiling'oka, kiko mfukoni mwangu, nitakirudisha mahali pake mimi na si mwingine. Na nasema hapa, iandikwe, kwamba mle kwenye mfuko si kielelezo. Ni mdomo wa mtu. Huwezi kumchukulia mtu mdomo halafu ukamhoji.

Sasa hivi Shangazi amekaa kwenye benchi hapo nje. Gari liko uani. Lyudmil anawaambia askari kwamba kile kipigo ndicho kithibitisho, achukuliwe leo leo. Mimi sina cheti cha kumpinga daktari. Nina ombi moja. Inspekta Doncheva anaandika maelezo haya kwa vidole viwili, kama kuku anayechagua mtama, lakini nimetazama mikono yake saa nzima: mpangilio anaotumia ni wa zamani, wa maofisini. Naomba ainuke kwenye kiti hicho kwa dakika tano. Mimi nitatoka nje ili asije mtu akasema nimegusa kitu.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu yote, na hasira iliyomo ni yangu vilevile, isipunguzwe.

(sahihi) A. Gadzhev

Maelezo ya mwandikaji: Shahidi ametia sahihi mbele yangu. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na shahidi huongea kwa sauti kubwa. Saa saba kasorobo mchana Bi Denka Parvanova aliletwa kwenye meza hii akakalishwa mbele ya kibodi ya ofisi. Hakuna aliyegusa mipangilio. Alipapasa vitufe, akaniashiria kiti ni kifupi, nikaleta mto. Maelezo yake ya kurasa mbili yameambatanishwa. Ametaja tarehe, siku, mji, jina la mpwa wake, na kifungu cha sheria kinachotaka mtu asikilizwe kabla ya kuwekewa msimamizi. Sikupata kosa la chapa. Amekataa kwa maandishi kwenda nyumba ya wazee, na kwa kuwa hakuna amri ya mahakama, gari limeondoka bila abiria. Lyudmil Parvanov amezuiwa kwa mahojiano. Kibodi imerudishwa kwa fundi kwa matengenezo.

Sentensi ya kwanza ya maelezo ya Bi Parvanova nainakili hapa kwa sababu inapingana na maelezo ya shahidi huyu: “Asparuh ni jirani mwema lakini hajui kuhesabu, nilimpiga mara mbili.”

(sahihi) Insp. K. Doncheva