Baba Hataki Kufunga Ukurasa

Jumatatu, 4 Machi

Mama amelazwa tena. Mapafu. Safari hii hakubishana hata kidogo — hapo ndipo nilipoogopa.

Baba goti limevimba, ngazi za hospitali haziwezi. Nimemfungulia ule ukurasa wetu kwenye simu yake. Hospitali iliipa ofisi yetu kazi hiyo ili ndugu wasijazane getini: unaingiza namba ya mgonjwa, unaona chumba chake na hali yake. Baba akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Anapumzika." Akauliza kama kweli niliutengeneza mimi. Mimi na wenzangu, nikasema. Eti kumbe shuleni nilikuwa nasoma!

Jumanne, 5 Machi

Kuna kitu hakiko sawa. Nilikuwa kando ya Mama wodini wakati muuguzi alipobadilisha hali yake kuwa "Amekula". Kweli, vijiko vichache vya supu. Simu yangu ikang'ang'ania "Anapumzika". Nikafunga ukurasa, nikafungua tena — "Amekula".

Ofisini nikamweleza Kipara, mwenzangu wa meza. Alijua hata kabla sijamaliza. Data yetu ni masanduku ndani ya masanduku: hospitali, ndani yake wodi, ndani yake chumba, kitanda, mgonjwa, na chini kabisa hali. Muuguzi akibadilisha hali, programu inapenyeza mkono hadi chini, inabadilisha huko huko. Sanduku la nje linabaki lile lile. Skrini inatazama la nje tu, inaona hakuna jipya, basi imetulia zake. Nani aliandika hivyo? Mimi! Kwenye majaribio tulihamisha wagonjwa tu, na hilo halina shida.

Jioni nikampitia Baba, nikamfungulia upya. Akaona "Amekula", akapiga makofi.

Jumatano, 6 Machi

Bosi anasema marekebisho yasubiri wiki ijayo, kuna wateja wengine. Nikamwambia mama yangu yumo humo. Akasema: Haya, fanya.

Nilitaka kila hali ikibadilika tunakili masanduku yote, kuanzia la ndani hadi la nje. Kipara akacheka, eti nitanakili mpaka nizeeke. Vunja masanduku! Kila mgonjwa akae peke yake kwa namba yake, chumba kishike namba tu. Jamaa ana akili, ingawa simwambii.

Mama leo hakuongea. Alinishika kidole tu. Nimelia chooni kazini. Hakuna aliyesikia, au walijifanya hawakusikia.

Ijumaa, 8 Machi

Imekwisha! Kipara anabadilisha hali kwenye kompyuta yake, kwangu inageuka papo hapo. Mchana tukaipeleka hewani. Kipara akaninunulia soda. Sikuisikia ladha yake.

Mama yuko kwenye oksijeni. Daktari anasema tungoje. Tungoje nini, hakusema. Baba sijamwambia. Mdomo umekuwa mzito. Ataona kwenye simu — sasa si inafanya kazi?

Jumamosi, 9 Machi

Nimekuja kwa Baba asubuhi kumpikia, saa ya kuona wagonjwa bado. Niko jikoni. Baba sebuleni anazungumza na shangazi kwa simu ya mezani: wifi yako hajambo, anakula vizuri. Jamani, nilivyofurahi! Nikafungua simu yangu na mimi nione.

"Ndugu mnaombwa kufika wodini."

Maneno hayo niliyachagua mimi na muuguzi mkuu, ili mtu asisome msiba kwenye simu. Tuliyaweka kwa jambo hilo moja tu.

Nimepiga wodini. Inaita tu. Nimepiga tena.

Nikaenda kumwangalia Baba. Simu yake imechomekwa kwenye umeme, inawaka: "Amekula." Nikamuuliza ameufungua ukurasa lini. Eti hajaufunga tangu Jumanne, anaogopa akiufunga ataupoteza. Basi ukurasa wake bado unaendesha programu ya zamani. Kazi yetu yote ya jana haijamfikia. Siku zote hizi amekuwa akiwatangazia watu supu ile ile.

Nikarudi jikoni. Naye akanifuata, anachechemea, simu yake mkononi. Yangu iko mezani, wazi. Amesoma yangu. Amesoma yake. Amerudia yangu.

Hakulia. Anasema yangu ndiyo mbovu. Itengeneze, mwanangu, ndiyo kazi yako. Amevuta kiti, amekaa mbele yangu. Naandika ili nisiinue uso, na yeye ananisukumia simu yangu taratibu, anasema haya, itengeneze, nakungoja —